Mtu wa Upande wa Hema

Habari za kifo chake zilinifikia kwa njia ya kazi, na nadhani yeye mwenyewe angeipenda njia hiyo. Jumanne asubuhi nilikuwa katika jiko la kampuni yangu kule Lavington, nikionja mchuzi wa mbuzi, simu ilipolia na jina lake likajitokeza. Nikapokea kwa mzaha wetu wa siku zote: "Afande, toa ripoti!"  Kisha sauti ya binti yake ikasema, "Anko, ni mimi. Daddy ametuacha alfajiri." Nikaketi juu ya gunia la viazi, mimi ambaye huwafokea wapishi wanaokalia magunia. Kabla sijapata neno la kumpa pole, akaendelea kwa sauti iliyokazwa kama kamba: "Na tenti za harusi ya Jumamosi ziko. Nitakuja kuzisimamisha mwenyewe. Sikutaka usikie kwa watu ukaanza kutafuta zingine."

Sitamtaja jina, kwa kuwa hakupenda kuzungumzwa asipokuwapo. Majirani zake wa Riruta walimwita Afande, nami nikawafuata. Alikuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu, wale ambao sisi raia tunawaita makomando, na baada ya kustaafu alikodisha mahema na viti vya harusi, posa na mazishi. Mimi, kama wasomaji wangu wa kila wiki wanavyojua, ninapika. Niliondoka nchini sina lolote, nikaosha vyombo katika hoteli za nchi ya baridi mpaka ngozi ya vidole ikawa kama karatasi, nikasoma jioni, nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli, kisha nikarudi nyumbani kwa hiari yangu wakati wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Leo ukipita nami Lavington na Spring Valley nitakuonyesha malango mengi ambayo yamefunguliwa kwa ajili ya sufuria zangu. Sioni haya kuyasema, sikuyaokota barabarani. Afande aliyasikia yote haya mara ya kwanza tulipokunywa chai pamoja, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniita Diploma. Hakuniita jina lingine tena maishani mwake.

Tulikutana kwenye harusi moja ya Lavington, bustani yenye nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Aliyekodi mahema hakuwa mimi, kwa hiyo mwenye mahema sikumjua. Sasa, kila mpishi wa jiji hili anawajua wale mabwana wanaovaa suti Jumamosi na kuingia harusi yoyote iliyo karibu, wakala, wakapongeza na kuondoka. Nilipoona mzee mwenye suti ya kijivu ameketi peke yake karibu na nguzo ya kati, hana sahani, na kila mara anatazama juu kama mtu anayengoja mvua, nikasema huyu ni wao. Nikamwendea kwa adabu ya kazi.

"Mzee, karibu sana. Wewe ni upande wa bibi harusi ama wa bwana harusi?"

Alinitazama bila haraka. "Upande wa tenti."

"Tenti iko na upande?"

"Hii nimesimamisha mimi. Ikianguka, inaniangukia pia."

"Na isipoanguka?"

"Isipoanguka nitaomba chapati."

Nilimletea chapati mwenyewe, na supu juu yake. Ndipo akanieleza jambo ambalo nimelihubiri jikoni mwangu tangu siku ile. Katika miaka yake ya mwisho jeshini, goti lake likiwa limekwisha kuchoka kutua kwa parachuti, alihamishiwa kwenye chumba cha kukunja maparachuti, kile chumba chenye meza ndefu ambapo parachuti lililotumika hunyooshwa, hukaguliwa kamba kwa kamba, na kukunjwa tena kwa ajili ya mruko mwingine. Na humo ndani kulikuwa na desturi moja. Asubuhi yoyote, bila onyo, mkubwa angeweza kuingia, akanyoosha kidole kwenye rafu, akamwambia aliyelikunja parachuti lile, "Vaa." Ukalivaa, ukapanda ndege, ukaruka nalo, goti bovu au goti zima. "Kwa hivyo, Diploma," aliniambia, "hakuna siku ulikunja ya mtu mwingine. Kila siku ulikunja yako."

Habari za kabla ya chumba kile alizitoa kwa kijiko kidogo. Nilijua alizaliwa Ukambani, akaandikishwa akiwa kijana mwembamba mwenye mbio, akachaguliwa kwenda kikosi maalumu baada ya mazoezi ambayo wengi wa wenzake waliyaacha njiani. Nilijua aliruka usiku na mchana, juu ya nyika na juu ya misitu, na kwamba alikwenda mahali karibu na mpaka ambapo hakuwahi kuniambia ni wapi wala kulitokea nini. Nilipombana sana, siku moja tukiwa katika mkahawa wa River Road ambao tuliupenda kwa sababu ya maharagwe yake, alinijibu, "Tulienda. Hakuna kitu ilitokea. Tukarudi." Nikamwambia hiyo si hadithi. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Diploma, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Watu wa ile kijiji mpaka leo hawajui tulikuwa hapo. Walilala, wakaamka, wakakamua mbuzi. Unataka hadithi gani nzuri kuliko hiyo?"

Hadithi moja tu ndiyo aliyoisimulia bila kuombwa, na zaidi ya mara moja. Siku ambayo binti yake alizaliwa, ujumbe ulimfikia akiwa mezani, parachuti likiwa nusu limekunjwa. Katika chumba kile kuongea wakati wa kukunja kulikatazwa, lakini nani angenyamaza na habari kama hiyo? Aliwaambia wenzake, wakampiga mgongoni, mikono ikaendelea na kazi yenyewe kwa mazoea, parachuti likakunjwa likapanda kwenye rafu. Saa ya chakula aliiacha sahani mezani. Akaenda kwa sajini wake na kuomba ruhusa ya kulifungua.

"Liko na makosa?" sajini akauliza.

"Sijui, Afande."

"Hujui aje, na ni wewe umekunja?"

"Mikono ilikuwa hapo, Afande. Mimi sikuwa."

Sajini alimfungulisha mbele ya chumba kizima. Kamba zote zilikuwa sawa, hapakuwa na kasoro hata moja. Kisha alimkimbiza uwanjani na gunia la mchanga begani kwa kosa la kuongea, na alipomaliza akamshika mkono na kumpongeza kwa kupata mtoto. Afande alisema hakuwahi kujua ule mkono ulikuwa wa mtoto au wa parachuti.

Alipostaafu, jambo la kwanza alilopewa ndilo wanalopewa wote. Tajiri mmoja wa Spring Valley alimwajiri kuwa mlinzi wake, akamvalisha miwani myeusi na kumweka asimame nyuma yake hata akiwa anakula aisikrimu. Aliacha baada ya muda mfupi. "Nilikuwa nalinda mtu hakuna anayemtafuta," alinieleza, bila dharau, kama daktari anayesoma vipimo. Akanunua mahema ya mitumba kwa kiinua mgongo chake, akayatandaza kwenye ua wa ploti yake Riruta, akaanza kushona palipochanika. Vijana aliowaajiri aliwafundisha kukunja vile alivyofundishwa, yaani kimyakimya, mshono kwa mshono, pete kwa pete, maana siku ya kukunja ndiyo siku ya kukagua. Siku ya kusimamisha mwenye sherehe amekwisha kukupigia kelele. Majirani waliochungulia na kuona watu wazima wamezunguka turubai bila kusema neno walianza kunong'ona kwamba pale pana dini mpya. Mama mmoja muuza mboga alimwuliza waziwazi, "Afande, huyo mnaombea ni nani?" Akamjibu, "Mteja."

Nimefikiri sana juu ya urafiki wetu, komando na mpishi, na nadhani nimepata mzizi wake. Yeye na mimi tuliondoka, tukarudi, na watu wakatuuliza maswali ambayo hayahusu tulichokifanya. Mimi niliulizwa mbona sijarudi na lafudhi. Yeye aliulizwa ameua wangapi. Mji wetu unapenda shujaa mwenye kelele, awe ametoka vitani au uwanja wa ndege, na asipopiga kelele tunadhani hakufika. Mimi, nikiri, ninajua kupiga kelele kidogo. Biashara inahitaji, na mafanikio yangu ni yangu. Lakini tangu nimjue Afande, wapishi wangu huketi mezani na kula chakula kilekile kinachokwenda kwa wageni, kutoka sufuria ileile, kabla sahani ya kwanza haijatoka. Diploma yangu ilinifundisha kuonja. Yeye alinifundisha kuketi na kula.

Jioni ya Jumanne ile nilikwenda Riruta kutoa rambirambi. Ua ulikuwa umejaa watu na viti vyake mwenyewe. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, na binti yake alikuwa akimwaga chai, kitambaa cheusi kichwani. Ni mwanamke wa umri wa kuolewa na kuzaa, mwenye mabega ya baba yake, na amefanya kazi na mahema tangu alipomaliza shule. Mdogo wa marehemu, aliyekuwa amefika kutoka Kitui mchana, alinivuta kando, karibu na mahema yaliyopangwa ukutani kama mikate.

"Wewe ndiye yule mpishi mkubwa."

"Ndiye mimi," nikasema. Sikuona sababu ya kukana.

"Basi nisikie. Hii biashara ni wewe. Ukiondoka, wateja wa Lavington wote wanaondoka. Sisi kama familia tunaona tenti ziuzwe. Hii si kazi ya mwanamke, kupanda ngazi, kugonga vigingi, kusimamia vijana."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema ataendelea. Lakini amefiwa, anasema tu. Wewe utuambie. Ukisema utaendelea na yeye, nitanyamaza na ndugu zangu watanyamaza. Ukisema hapana, Jumatatu kuna mtu anakuja kuziangalia."

Nilitazama kule uani. Binti alikuwa ametuona, na alijua tunazungumza nini. Hakuja. Aliendelea kumwaga chai, ila aliijaza mno ile ya mchungaji mpaka ikafurika. Nikamwambia yule bwana kwamba sitoi neno langu msibani, nitalitoa Jumamosi, na kama ana haraka aje kwenye harusi kule Spring Valley aone kwa macho yake. Akasema atakuja, na kwa kuwa ana mikono atasaidia kubeba.

Jumamosi ilianza vizuri mno. Nilipofika na gari la vyakula, hema kubwa lilikuwa limesimama katikati ya bustani, jeupe, limenyooka, vijana wakipanga viti, na baba mdogo akifuta jasho kwa fahari ya mtu aliyegonga kigingi chake cha kwanza. Mama wa bibi harusi, mwenye nyumba, alikuwa akitembea huku na huku kwa viatu vya ndani, akitabasamu. Nikaona neno langu limekuwa jepesi. Ndipo nikamwona binti akizunguka hema polepole. Alishika kamba moja, akaiachia. Akaingia ndani, akatazama juu, akakaa hivyo kwa muda. Akatoka akawaambia vijana, "Shusheni."

Baba mdogo alidhani hakusikia. "Kushusha nini?"

"Hii kubwa. Yote."

"Imefanya nini?"

"Tuliikunja Jumatatu jioni," alisema. "Hospitali walikuwa wananipigia simu. Nilikuwa naikunja na simu iko kwa sikio. Sikumbuki kuikunja."

"Sasa si imesimama? Si unaiona?"

"Baba mdogo, naiona. Lakini sikumbuki kuikagua."

Hema likashuka. Mama wa bibi harusi alitoka mbio na kiatu kimoja. "Jamani! Wageni wako njiani! Nyinyi mnapandisha ama mnashusha?" Akanigeukia mimi, kwa kuwa malipo alinipa mimi. "Na wewe unaangalia tu?"

"Mama," nikamwambia, "wageni watakaribishwa na juisi kwenye veranda, na samosa za moto. Nimeshawahi kuhudumia karamu katika dhoruba ya theluji. Niachie hao." Hiyo ni kweli, na iliwahi kunisaidia mara nyingi, na siku ile ilinisaidia tena. Akarudi ndani kutafuta kiatu.

Turubai likatandazwa kwenye nyasi. Binti akapiga magoti mwisho mmoja, vijana wakashika pande, wakaanza kulipitia mshono kwa mshono. Baba mdogo, aliyekuwa amechemka, akaanza hotuba kuhusu kupoteza wakati na aibu ya familia. Binti hakuinua kichwa.

"Baba mdogo, samahani. Hapa hatuongei."

Aliinama akashika upande wake, mdomo wazi. Kwa muda bustani nzima ya Spring Valley ilinyamaza, mpaka mtunza bustani wa nyumba ya jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kumetokea nini. Mimi nilisimama na trei yangu mkononi, nikimwona sajini ambaye sikuwahi kumwona, na kijana mwembamba anayeomba kulifungua parachuti ambalo halina kosa. Sijui kama baba yake aliwahi kumsimulia. Sikumwuliza, na sitamwuliza.

Walipofika mwisho, hawakuwa wamepata kitu. Kila mshono ulikuwa mzima, kila pete ilikuwa mahali pake. Likasimamishwa upya, jeupe, limenyooka, kama lilivyokuwa mwanzoni. Baba mdogo akanijia kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona? Asubuhi yote, bure. Haikuwa na kitu."

"Nimeona," nikasema. "Na nimetoa neno langu. Naendelea na yeye. Harusi zangu zote, na mazishi, na posa, mpaka siku atakayochoka yeye."

"Lakini nimekuambia haikuwa na kitu!"

"Ndiyo sababu."

Alinitazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyekaa ng'ambo muda mrefu. Kisha akaangalia kule hemani. Binti alikuwa amevua aproni ya kazi, amevaa gauni lake jeusi, ameketi karibu na nguzo ya kati, mikono magotini. Wageni walikuwa wakiingia na kumpita. Baba mdogo alisimama kidogo, akakohoa, akaenda akaketi kando yake. Walikaa hivyo wakati wa maombi na hotuba ndefu ya mjomba wa bwana harusi. Baadaye nilipopita na chapati nilimsikia akimwuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa hapa, tunaruhusiwa kuongea?"

"Hapa tunaruhusiwa," binti akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikamwona akicheka.

Mnataka kujua kulitokea nini kwenye harusi ile? Hakuna kilichotokea. Upepo ulivuma alasiri kama unavyovuma, turubai likapumua likatulia, watoto wakacheza mpaka wakalala vitini, na hakuna mgeni hata mmoja aliyetazama juu. Nimefanya sherehe za watu wakubwa, nimepigiwa makofi, na makofi ninayapenda. Lakini jioni ile nilielewa kile alichoniambia Afande juu ya kijiji kilichoamka kikakamua mbuzi. Kazi nyingi zilizo bora katika nchi hii zimefanywa hivyo, na waliozifanya wanazeeka katika ploti za Riruta na kwingineko, wakiulizwa maswali yasiyo yao. Wapishi wangu wapya sasa nawaambia hivi: usimpelekee mtu kitu ambacho wewe mwenyewe usingekaa chini yake. Na siku ambayo mikono yako ilikuwa kazini na wewe hukuwapo, fungua, hata kama wageni wamefika mlangoni.

Tulimzika wiki iliyofuata, nyumbani kwao Ukambani, chini ya hema lilelile. Askari wenzake wa zamani walikuja, wanaume wanyamavu wenye magoti mabovu, wakasimama pembeni na hawakutoa hotuba. Nilipika mimi, na nikisema chakula kilikuwa kizuri mniamini. Watu walipokwisha kuhudumiwa nilikwenda kukaa karibu na nguzo ya kati, nyuma ya binti. Mama mmoja wa kijiji, aliyekuwa akiwapanga jamaa kwa ajili ya picha, wa upande wa baba huku na wa upande wa mama kule, alinitazama suti yangu, akaona sifanani na yeyote.

"Na wewe, baba, ni upande gani?"

"Upande wa hema," nikasema, na nikaomba chapati.